Eda ya Mtu Asiye na Kaburi

Siku ya tatu ya matanga ya Bibi, binti yangu mdogo Zuhura alinivuta upindo wa leso nikiwa nimeinamia sufuria la maharagwe, akaniuliza kama babu wa Tanga ameshapigiwa simu. "Asije akasema hatukumwambia," alisema, kwa sauti ya mtoto anayejua adabu za msiba kuliko watu wazima. Nilimuuliza babu gani. Akanitazama kama mtu anayefanyiwa mzaha. Babu Rashidi, akasema, mtoto wa Bibi, yule mwenye duka. Wanawake waliokuwa wakikuna nazi kando yangu waliacha kukuna, mmoja akasema "Astaghfirullahi" chini chini, kisha akaendelea na kazi yake. Mimi nilicheka kwanza, kicheko cha hasira, halafu nikaushika mwiko kwa mikono yote miwili. Bibi aliishi miaka mingi, na ile ya mwisho akili yake ilikuwa inakwenda na kurudi. Kila likizo ya shule nilimpelekea wanangu kutoka Diani, ninakofanya kazi ya kufua na kupiga pasi mashuka ya hoteli, nikidhani anawafundisha kusali na kusuka ukili. Kumbe alikuwa anawajaza Tanga. Nilimwambia Zuhura hakuna wa kupigiwa simu, aende akalete sahani. Nilikuwa nimechoka, na uchovu wenyewe haukuanzia kwenye matanga yale.

Naelekea arobaini sasa, na sehemu kubwa ya umri wangu nimeimaliza nikisikia habari za mtu mmoja: yupo, hayupo, ameonekana, amekufa, faili lake limepatikana, faili lake halionekani. Kesi tuliyoifungua haijaisha hadi leo. Jaji wa kwanza alihamishwa, wa pili akastaafu, wa tatu akaomba apewe muda wa kusoma. Kila baada ya muda huja kijana mwenye kinasa sauti, ametumwa na shirika jipya, ananiomba nimweleze tena tangu mwanzo, nami humweleza, maana kukataa kunachosha kuliko kusema. Wote huniuliza habari za siku Baba alipochukuliwa. Hapana hata mmoja aliyewahi kuniuliza habari za mwaka Mama alipokaa eda, na huo ndio mwaka ulionifanya nilivyo. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimemaliza shule, sina kazi, na nilijiona mjuzi wa kila kitu.

Siku ya kuchukuliwa kwake nitaisema upesi, kwa sababu imesemwa mno. Ulikuwa mwaka wa vurugu. Vijana walitoka msituni na mapanga, wakawachomea watu wa bara nyumba zao, wakawaua wengine, na waliobaki wakafukuzwa na watoto wao mgongoni. Kisha wakaja askari kuwasaka waliofanya hayo, na wao hawakuchagua. Kwao, kila kijana wetu aliyeweza kutembea alikuwa mmoja wa waliotoka msituni. Baba walimkuta uani akinywa chai, miguu mitupu, wakampakia kwenye lori akiwa vivyo hivyo. Baadhi ya waliopandishwa siku ile walirudi baada ya miezi, na mpaka leo kuna mmoja hawezi kukunja vidole. Baba hakurudi. Kila kituo tulichokwenda kuuliza, jina lake halikuwapo. Mwaka uliofuata akapita mchuuzi wa vitunguu, akamwambia Bibi, mama yake Baba, kwamba amemwona Rashidi Tanga, pale Ngamiani, amefungua duka. Jambo lenyewe halikuwa la kipumbavu, maana vijana wengi walivuka mpaka wakati ule wakaoa hukohuko. Bibi alinunua vitunguu vyote.

Tangu siku hiyo nyumba yetu, huko ndani kidogo ukitoka Msambweni, ikawa na watu wawili wanaongoja na mmoja asiyengoja. Asiyengoja ni Mama. Yeye hakusema neno juu ya Tanga, alikuwa akisikiliza tu kisha anainuka kwenda kufanya jambo jingine. Mimi na Bibi tulilala chumba kimoja, chumba cha upande wa barabara, chenye kitanda cha kamba na sanduku la mbao lililonuka karafuu, na hapo Bibi alinisimulia. Kwamba duka lina mlango wa mbao mpana. Kwamba mchele uko upande wa kulia na mafuta ya taa upande wa kushoto, yasije yakaunukisha mchele. Kwamba ameoa, huenda mwanamke wa Kisegeju, lakini mwanamke mwenyewe si mbaya. Anachelea kuja kwa sababu ya askari, mambo yakitulia atakuja. Nilipokuwa mdogo nilisikiliza, na nilipokua nikaanza kuongeza yangu. Nilimpa Baba miwani, kwa kuwa lazima macho yangekuwa yamechoka kwa hesabu. Nilimpa mazoea ya kufunga duka mapema siku ya Ijumaa. Nilipopata alama nzuri shuleni nilimwona akiwaambia wateja, na nilipopata mbaya nilimficha.

Wakili alikuja mwanzo wa mwaka ule. Aliitwa Adhiambo, mtu wa bara aliyekulia Mombasa, mwanamke kijana mwenye viatu vya vumbi na mkoba mzito. Mama alimtolea kiti, akakikataa akakaa mkekani, na alipoletewa sima kwa mboga ya mchunga alikula ule uchungu bila kukunja uso, jambo lililompatia heshima hata kwa Bibi. Nilikuwa jikoni, na jikoni kwetu kulikuwa na ukuta wa udongo usiofika juu, kwa hiyo kila lililosemwa sebuleni lilinifikia kati ya moshi. Nilimsikia Mama akimuuliza, kwa upole, kwa nini mtu wa bara awatetee watu wa huku. "Mjomba wangu alikuwa fundi wa cherehani Likoni," Adhiambo alisema. "Walimchoma na duka lake. Hakuna mtu ameulizwa mpaka leo. Sasa mimi nauliza yote, mama, yake na yenu." Kisha naye akauliza lake: mzee alikwenda msituni au hakwenda? Niliacha kuchochea moto. "Alikwenda mara moja," Mama alisema. "Aliporudi hakutaka kula. Alilolifanya huko hakunambia, nami sikumuuliza, na ningejua leo kwamba nitaishi na swali hilo ningemuuliza. Lakini kama alifanya, wangemleta mbele ya jaji kama mtu. Mimi nadai hilo." Kisha nilisikia maji yakimiminwa, mgeni akioshwa mikono.

Tatizo, Adhiambo alieleza, ni kwamba kesi ya mtu aliyepotea haina miguu. Upande wa serikali watasema ametoroka, na aliyetoroka hajauawa na mtu. Lakini kadhi, baada ya miaka yote ile, ana uwezo wa kumhukumu kuwa amekufa. Hukumu hiyo ikiwapo, wao ndio watakaolazimika kueleza. Mama alimwambia atafikiri. Alifikiri siku chache, hakumuuliza mtu, akaenda kwa kadhi pamoja na Ami Kassim, mdogo wake Baba, na jirani mmoja wa kushuhudia kwamba ametafutwa kote. Waliporudi, Mama aliingia chumbani akavua bangili, akafuta wanja, akavaa nguo nyeupe isiyo na ua hata moja. Kadhi alikuwa amemwambia eda ya mjane inaanza siku ileile, miezi minne na siku kumi, kama vile mume amekata roho asubuhi hiyo.

Bibi alikuwa akianua kuni. Ami Kassim alimweleza kwa adabu zote, amepiga magoti, na Bibi alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akachukua mafiga matatu, akayapanga pembe ya ua kule kwenye mpapai, akateleka chungu chake mwenyewe. "Mimi sili chakula cha mtu aliyemuua mwanangu," alisema, kwa sauti ya kufika dirishani kwa Mama. Tangu siku hiyo yakawa majiko mawili katika ua mmoja, na kwa kuwa kila upande ulinipakulia na kunitazama kama nimemaliza, mwaka ule wa msiba nilinenepa. Bibi hakuishia hapo. Alihamishia mkeka wake mlangoni kwa mbele, na kila mwanamke aliyekuja kutoa pole alimpokea kwa salamu ndefu, akamuuliza hali ya watoto na mashamba, kisha akamwambia, "Msiba? Kwetu hapana msiba, mwanangu. Labda jirani." Wanawake waliona haya, wakarudi. Ami Kassim alitaka asalishe sala ya maiti asiyekuwapo, lakini hakuthubutu kumpita mama yake. Basi Mama akakaa eda ya peke yake. Chumba kile kilikuwa na dirisha dogo linalotazama jikoni, kitanda, na mtungi wa maji. Nilimpelekea mahamri na mbaazi asubuhi, nikamfulia ile nguo nyeupe, nikamsomea gazeti la kufungia nyama. Hakuwa na mtu wa kumwambia pole isipokuwa mimi, na mimi sikumwambia. Ningewezaje, nami usiku nilikuwa nikirudi kulala Tanga?

Sasa nikiwa mtu mzima nakiona kitu ambacho wakati ule hatukukiona sote, pamoja na wakili mwenyewe aliyesoma. Adhiambo alikuja siku moja anakimbia, amefurahi, amepata tarehe ya karibu, na kupata tarehe ya karibu ni bahati ambayo watu huisubiri miaka. Alipoitaja, Mama alifumba macho. Tarehe ilikuwa ndani ya eda. Ile eda tuliyoikaa ili kesi isimame ndiyo iliyomzuia mwenye kesi kwenda kusimama. Ami Kassim alikwenda kumuuliza imamu, akarudi na jibu jepesi: mjane anaruhusiwa kutoka mchana kwa haja ya lazima, na hii ni haja. Adhiambo alishusha pumzi. Lakini Mama akasema haendi. Nilikuwa nimesimama mlangoni na trei, na sijamsikia Mama akisema maneno mengi hivyo kabla wala baada. "Najua naruhusiwa. Mtu huyu hakuoshwa, hakuvikwa sanda, hakusaliwa. Sijui amelala udongo gani, kama amelala. Kitu kimoja tu alichopata cha wafu wengine ni mimi kukaa humu. Hicho nacho nikitoe nikakipeleke mahakamani? Someni nilichokisema kwenye karatasi zenu. Mimi nina mume namzika." Walikubaliana maelezo yake yasomwe, na Ami Kassim asimame badala yake.

Hata hivyo hatari haikuwa hiyo. Hatari ilikuja kunywa chai. Ilikuwa baada ya sala ya alasiri, akatokea bwana mmoja mwenye shati safi, mtu wa makamo, mwenye adabu, akapiga hodi akamwamkia Bibi shikamoo kabla hajaonwa uso. Alisema amepita tu kuwajulia hali wazee. Bibi alimpenda papo hapo. Aliniamuru nilete chai na kaimati, na mimi nikawa napita na sinia kati ya jiko na mkeka, nasikia vipande. Bwana yule aliuliza habari za mwanawe mkubwa. Bibi akamwambia yuko Tanga. Watu wote wakisikia hivyo huinamisha kichwa, lakini huyu aliitikia. "Hata serikali yaamini yu hai, Bibi," alisema. "Sisi twajua vijana wengi walivuka." Uso wa Bibi uling'aa kiasi kwamba nilisimama na sinia mkononi nikamtazama. Mtu mkubwa, mtu wa ofisi, alikuwa amekuja mpaka mkekani kwake kumwambia mwanawe yu hai. Alimpa duka lote, mlango, mchele, mafuta ya taa, mke wa Kisegeju. Alimpa hata miwani, ambayo ilikuwa yangu. Nikasikia ukuta wa chumba cha Mama ukipigwa kwa kiganja, mara moja, kisha tena. Alikuwa anasikia kila kitu, naye hawezi kutoka mbele ya mwanamume mgeni. Bwana akauliza nini hicho. "Mbuzi," Bibi alisema.

Siku chache baadaye Bibi aliletewa wito wa mahakama. Upande wa serikali ulikuwa unamwita awe shahidi wao. Adhiambo alipopata habari alikaa kwenye kizingiti cha nyumba yetu ameshika kichwa. Hakumlaumu mtu. "Mama mzazi akisema mtoto wake yuko hai," alituambia, "hata mimi nikiwa jaji nitamwamini. Hukumu ya kadhi itabaki makaratasi. Tutakuwa tumekwisha." Na si sisi peke yetu, maana familia nyingine zilikuwa nyuma ya kesi yetu zikingoja kuona kama njia inapitika. Bibi aliyasikia yote haya akichambua mchele. Hakuwa mtu mbaya, nataka hilo lieleweke. Alikuwa na furaha tu. Alitoa buibui lake jipya kwenye sanduku, akalitundika lipate hewa. "Nitaapa kwa msahafu," alisema, "nami sitasema uwongo. Nitasema mwanangu yu hai."

Kuamkia siku ya mahakama, jioni kabla ya magharibi, nilimwona Bibi akivuka ua akaingia chumbani kwa Mama. Hakuwa amekanyaga humo tangu eda ianze. Nilikuwa jikoni, na nilibaki jikoni. Kisha Bibi alisema, kama mtu anayejitetea, "Usinambie nikaseme uwongo." Mama akamwambia hamwambii. "Nenda kaseme ulilo nalo, mama. Mimi nataka kukuuliza neno moja tu. Babu, baba yako, aliyechukuliwa vita vya Bama. Ulimngoja mpaka lini?" Nilikijua kisa hicho kwa juu juu tu: Wazungu walimchukua mzee huyo kwenda kuwapigania Burma, Bibi akiwa mtoto mdogo, hakurudi, wala hapakuletwa habari. "Mama yangu alimngoja mpaka alipokufa yeye," Bibi alijibu. "Kila sikukuu alimwekea kanzu mpya. Twalala njaa, yeye anashona kanzu." Bibi akaendelea, sauti imeshuka. "Alipokufa alinishika mkono akanambia, baba yako akija mwambie nilikuwapo. Nikawa mimi sasa. Nilikuwa nimeolewa, nina watoto, nikisikia mbwa anabweka barabarani moyo wanidunda. Mpaka leo, mwanangu. Hata jana." "Na wewe ukifa," Mama alimuuliza, "utamshika nani mkono?" Baadaye kidogo nikamsikia Bibi akisema jina langu, si kwa kuniita. Alilisema tu.

Tulikwenda asubuhi, Bibi, Ami Kassim na mimi. Chumba cha mahakama kilikuwa na mabenchi magumu na feni inayozunguka bila kupoza kitu. Wakili wa serikali alikuwa kijana wa pwani kama sisi, mtu wa Mombasa kwa lafudhi yake, na alimwamkia Bibi shikamoo mbele ya jaji, akaomba aletewe kiti. Bibi aliapa. Mkono wake juu ya msahafu ulionekana mdogo sana. Kijana alimuuliza kwa upole, kama anavyouliza mtu anayejua jibu: Rashidi bin Omari ni mwanao? Ni mwanangu. Wa kumzaa? Wa kumzaa. Basi Bibi, iambie mahakama, yuko wapi? Bibi alinitafuta kwa macho kwenye mabenchi mpaka akanipata. Alinitazama kwa muda mrefu hata jaji akainua kichwa. Nilidhani ananiomba ruhusa ya kusema Tanga, na Mungu anisamehe, moyoni mwangu nilimpa.

"Amekufa," alisema.

Kijana alitabasamu kwa wasiwasi. Alimkumbusha kwamba amewahi kumweleza mtu, nyumbani kwake, kuhusu duka lililoko Tanga, kwa urefu, na mpangilio wake. "Nilisema," Bibi alijibu. "Nimesema miaka yote. Duka lile nimelijenga mwenyewe, mwanangu. Nilianza na mlango. Mchele nikauweka huku, mafuta ya taa kule. Nikamwoza na mke, nisimwone anapika mwenyewe. Yule wa vitunguu hakuniambia yote hayo, alinambia ameona mtu amefanana naye, tena alikuwa anataka kumaliza mzigo wake." Aliuvuta ushungi mbele kidogo. "Hapana aliyemwona. Angekuwa hai angekuja. Rashidi hakuwa mtoto wa kumwacha mama yake hivi. Amekufa, na waliomchukua nyumbani kwangu ndio wajuao wapi." Kisha, mbele ya jaji na makarani, akatamka lile neno ambalo kwa miaka yote alikuwa akiinuka na kuondoka kila mtu alipotaka kulitamka: "Inna lillahi wa inna ilaihi rajiun." Na watu waliokuwamo, askari wa mlangoni pamoja nao, na yule kijana wa serikali mwenyewe kabla hajajizuia, waliitikia.

Nje, varandani, Adhiambo alinikumbatia akaninyanyua. "Tumeshinda leo!" alisema, macho yana machozi. "Mwanamisi, tumeshinda!" Bibi alikuwa amekaa kwenye benchi akinywa maji kwa kikombe cha plastiki, na maji mengine yalimwagikia buibui. "Mwambie huyo mwanangu asicheke," aliniambia, bila hasira. "Tuna msiba." Adhiambo alimsikia. Aliinama akamwomba radhi, akampa pole, naye Bibi akaipokea. Ilikuwa ya kwanza aliyoipokea.

Njiani kurudi alimwambia Ami Kassim tupitie msikitini kwanza. Alibaki nje, akamtuma Ami kwa imamu, na sisi tulipofika nyumbani tukiwa bado twavua viatu, kipaza sauti kikalia. Kilisema kama kinavyosema kila mtu anapofariki, kwa sauti ileile ya kila siku, kwamba Rashidi bin Omari ametangulia mbele ya haki, na kwamba sala yake itakuwa baada ya adhuhuri, sala ya ghaibu. Hapakuwa na jeneza, wala kaburi lililochimbwa, lakini wanaume waliacha mashamba wakaenda kupanga safu. Wanawake wakaanza kuja. Walikuja wakikimbia, leso zimefungwa viunoni, kama mtu amekufa asubuhi ile. Na hapakuwa tena na mtu mlangoni wa kuwarudisha, kwa sababu Bibi alikuwa ameingia chumbani kwa Mama akakaa sakafuni, kichwa amekilaza kwenye mapaja ya mkwewe. Nilisikia Mama akisema, "Pole, mama," na Bibi akisema, "Pole, mwanangu. Pole nawe." Kisha Mama, ambaye sikuwahi kumsikia akilia tangu lori lile liondoke, alilia kwa sauti kubwa, na chumba kizima kikalia naye.

Mimi nilitoka. Nilipita katikati ya wanawake wale nikaenda nyuma ya choo, mahali pasipo na mtu, nikalia mpaka nikatapika. Jirani mmoja alinifuata huko, akanishika mabega, akanipa pole ya baba yangu, yule aliyepakiwa kwenye lori miguu mitupu. Sikumwambia kwamba huyo nilishamlilia nikiwa mtoto. Nilikuwa namlilia yule mwingine, wa miwani, aliyefunga duka mapema siku za Ijumaa na kuwaambia wateja habari za alama zangu, ambaye hapana aliyemjua duniani ila Bibi na mimi, na ambaye asubuhi ile, mbele ya jaji, Bibi alimuua kwa ajili yangu.